Mama Adèle na Mashini ya Kuandika Ngoma

Adèle Kalume alifundisha muziki katika shule moja ya wasichana hapa Kindu, na mtaa wa Mikelenge ulimjua kama mwanamke asiyependa jambo lifanywe nusunusu. Alikuwa binti wa fundi wa reli. Masista ndio waliomfundisha solfeji, yaani kusoma noti, kwa harmoniamu iliyokuwa imeshatafunwa na panya, na ndio waliomtia kichwani kwamba noti ikiandikwa vibaya itaimbwa vibaya mpaka siku ya Kiama. Jina la Adèle lilikuwa la kanisani na la nyumbani. Shuleni alikuwa citoyenne, yaani raia, Kalume, maana enzi zile za Zaire majina ya kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku. Mumewe Fortunat, wa karakana ya reli, alikuwa na jina jingine kwenye kitambulisho chake, na akiitwa kwa jina hilo alikuwa akigeuka kuangalia nani anaitwa.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho, na Maniema ilikuwa imetoka tu kufanywa mkoa unaojitegemea. Kila ofisi ilikuwa ikitafuta sherehe ya kujionyesha, na kanisa nalo halikutaka kubaki nyuma. Paroko, Mupe Octave, akamwita Adèle baada ya misa.

“Mama, Pentekoste hii kwaya za Kalima, Kampene na Lubutu zote zinakuja kuimba pamoja nasi. Nyimbo wanazijua. Shida ni ngoma. Kila parokia inapiga yake.”

“Basi wapige yetu.”

“Njo nataka hivyo. Lakini wataijua namna gani? Matata mpiga ngoma wetu hawezi kwenda kulala Lubutu wiki nzima juu ya kuwafundisha. Uiandike ngoma yake. Tutaichapa, tutaituma na lori, wajifunze huko huko.”

Adèle alisema sawa, ataiandika kwa mkono. Mupe akacheka. Kwa mkono kwa nini? Frère Gérard alikuwa na ordinatere, yaani kompyuta, ofisini kwa misioni, na ndani yake programu ya kuandika muziki. “Mashini itakupunguzia kazi,” alisema. Maneno hayo Adèle aliyakumbuka baadaye mara nyingi, na kila mara kwa hasira.

Frère Gérard alikuwa mzungu mwembamba mwenye haraka. Alimkalisha mbele ya mashini asubuhi moja, akamwonyesha namna ya kufungua, kuweka noti, kuhifadhi na kuchapa, akazungumza Kifaransa cha mbio kama mtu anayekimbizwa na mvua. Siku iliyofuata alipanda ndege kwenda kwao kutibiwa meno. Alimwachia karatasi moja ya maelezo, na mstari wa mwisho wa karatasi hiyo ulisema kwamba mambo mengine yote yanajieleza yenyewe.

Hayakujieleza. Programu ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo Adèle hakuijua hata salamu yake. Kila alipokosea, kisanduku kidogo kilijitokeza katikati ya kioo na maneno matatu au manne, na chini yake vitufe viwili. Hakujua kipi ni ndiyo na kipi ni hapana. Mara ya kwanza alibonyeza cha kushoto, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Tangu hapo alibonyeza cha kulia, mpaka siku ambayo cha kulia ndicho kilichopoteza.

Tena mashini ilikula umeme wa jenereta, na jenereta ya misioni, ya mafuta ya mazut, iliwashwa asubuhi tu, wakati wa kuvuta maji. Adèle alikuwa anafundisha asubuhi. Ikabidi abadilishane saa na mwenzake, akimbie kutoka shule hadi misioni juani, akae mbele ya kioo, na mara tu tangi lilipojaa, mlinzi azime jenereta bila kuuliza mtu.

“Baba, nilikuomba unipigie hodi mbele ya kuzima!”

“Mama, maji ilijaa. Mazut iko kidogo.”

“Na kazi yangu?”

“Kazi yako iko mule ndani,” mlinzi alisema, akiitazama ile mashini nyeusi kwa heshima. “Haiwezi kutoka, ni sanduku.”

Kisha kulikuwa na Matata.

Matata alikuwa mpiga ngoma kubwa wa parokia, na kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Wakubwa wa mkoa walishonewa abakosti zao, zile suti zisizo na tai, kwake, kwa hiyo alijiona naye ni mmoja wao. Alipiga vizuri, hilo hakuna aliyelikataa. Alipoingia na ngoma yake kwenye Utukufu, hata vikongwe wa viti vya mbele walisimama kabla ya wakati. Lakini Adèle alipokwenda dukani kwake na kumweleza kwamba anataka kuandika kila pigo, mkono kwa mkono, Matata alimtazama kama mteja aliyekuja kurudisha suruali.

“Sasa unataka nipige namna gani?”

“Kama unavyopiga siku zote. Ila polepole, nipate kuhesabu.”

“Polepole? Mama Adèle, ngoma ya polepole ni ya maiti.”

Alipiga hata hivyo, kwenye ngoma aliyoiweka nyuma ya duka kati ya vitambaa. Adèle aliandika. Akamwomba arudie ili ahakikishe. Matata akarudia, na ilikuwa tofauti.

“Hapa mara ya kwanza ulipiga kofi mbili.”

“Nilipiga moja.”

“Mbili, Baba Matata. Niliandika.”

“Basi uliandika vibaya.”

Alipiga mara ya tatu, ikawa kofi tatu. Adèle alifunga macho, akavuta pumzi, akamwambia achague moja, yoyote ile, na abaki nayo kama vile mtu anavyobaki na mke wake. Matata alijibu kwamba ngoma na mke ni vitu viwili mbalimbali. Hata hivyo mwishoni walipatana, na Adèle akarudi nyumbani akigongagonga vidole mezani hadi Fortunat akamsihi aache, ugali unarukaruka.

Sehemu ya kuandika kwenye mashini ndiyo iliyomchosha kuliko yote. Programu ilitengenezwa na watu ambao ngoma kwao ni ile ya fimbo mbili na sahani za shaba. Haikujua kiganja. Adèle alihitaji alama ya pigo la wazi, ya kofi, na ya pigo la kuziba, pale mkono unapobaki juu ya ngozi na kuizuia isiseme. Alitengeneza jedwali: mstari mmoja wa ngoma kubwa, miwili ya ngoma ndogo, mmoja wa njuga. Duara likawa pigo la wazi, msalaba ukawa kofi, pembetatu ikawa kuziba. Chini ya kila alama alitaka kuonyesha mkono. Alianza na K ya kuume, akafika kushoto, akakuta nayo ni K. Akafuta zote akaweka D na G, za droite na gauche, yaani kuume na kushoto kwa Kifaransa.

Matata alipoziona alikasirika. “Mikono yangu ni ya kizungu tangu lini? Majina wametukataza, wewe unakuja kubatiza mikono?”

“Unipe basi neno la Kiswahili la mkono wa kulia lisiloanza na K.”

Alifikiri. “Wa kulia chakula,” alisema.

“Hiyo nayo ni K!”

Siku moja Adèle alimwalika Matata misioni asikie. Programu ilikuwa na uwezo wa kupiga ilichoandikiwa, kwa sauti nyembamba iliyotoka tumboni mwa mashini. Adèle alijivunia kidogo. Jedwali lilikuwa limekamilika karibu lote, mapigo yote yakiwa mahali pake. Matata alisikiliza Utukufu mzima ameinamisha kichwa. Ulipokwisha akauliza:

“Ile ni kuku?”

“Kuku gani?”

“Anadonoa sahani ya bati.”

Adèle alizima mashini yeye mwenyewe, safari hii kwa kupenda.

Kulikuwa na mahali pamoja palipomtesa kuliko pengine. Mwisho wa ubeti, kabla kwaya haijaingia kwenye kiitikio, Matata hakungoja. Pale pigo la nne lilipopaswa kuwepo, yeye aliliruka na kuingia kiitikio mapema, kama mtu anayeshuka ngazi na kuruka ya mwisho. Kuruka huko ndiko kulikowasimamisha wale vikongwe. Lakini programu ilitaka kila kisanduku cha jedwali kiwe na mapigo manne. Ukikipa matatu, ilijaza la nne yenyewe kwa alama ya kunyamaza. Adèle aliifuta alama hiyo. Ikarudi. Akajaribu kubadilisha hesabu ya kisanduku kile kimoja kiwe cha mapigo matatu, na visanduku vyote vilivyofuata vikageuka vya matatu, kofi zikaingia mahali pa kuziba, njuga zikawa kwenye mstari wa ngoma kubwa. Alipiga meza kwa ngumi. Sista mmoja alichungulia mlangoni kuuliza kama kuna nyoka.

Mwishoni, kwa kubahatisha, alipata njia ya kuificha ile alama. Haikuonekana tena kwenye kioo. Akahifadhi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda nyumbani kupika sombe akiimba.

Asubuhi ya kuchapa, mazut ilikuwa karibu kwisha na mlinzi alikuwa amesimama mlangoni akiikumbusha. Adèle aliichapa karatasi moja ya kila ukurasa, Mupe akazichukua papo hapo kuzipeleka kwenye roneo ya kutolea nakala, na jioni nakala zilikuwa kwenye lori la mchuuzi mmoja wa Butembo aliyekuwa anaelekea Lubutu. Nyingine zilitangulia Kalima na Kampene kwa pikipiki ya katekista. Adèle hakupata nafasi ya kuzisoma. Alikuwa amezitazama siku nyingi mno kwenye kioo, tena alikuwa amechoka nazo.

Kwaya zilifika kwa Pentekoste, wengine kwa lori, wengine kwa baiskeli, wote wamepakwa vumbi jekundu hadi kope. Walilala kwenye madarasa. Jumamosi mchana wakakusanyika kanisani kwa jaribio. Adèle alisimama mbele, Matata kwenye ngoma kubwa katikati, na wapiga ngoma wa parokia tatu wakamzunguka, karatasi zao zimebandikwa kwenye migongo ya viti.

Walianza. Kwa ubeti mzima ilikuwa ajabu. Watu waliokuwa hawajapata kuonana walipiga kama mtu mmoja, duara kwa duara, msalaba kwa msalaba. Usumbufu wote ule, Adèle alijiwazia, haukuwa bure.

Ukafika mwisho wa ubeti. Matata aliruka kuingia kwenye kiitikio, peke yake. Wengine wote walinyamaza pigo moja, kisha wakaingia. Kanisa likajaa makelele kama ya masahani yaliyodondoka.

“Simameni!” Matata alipiga kelele. “Nani amewafundisha kunyamaza hapo?”

Kiongozi wa ngoma za Lubutu alikuwa mwalimu mmoja aitwaye Félicien, mtu mpole wa miwani. Alichukua karatasi yake akaja nayo mbele. “Baba, iko hapa. Kuna alama ya kunyamaza. Sisi tumeifanyia mazoezi sana, hata waimbaji wanaijua.”

“Karatasi inasema uwongo.”

“Lakini ni ngoma yako, Baba. Jina lako limeandikwa juu.”

Adèle aliinyakua karatasi. Ilikuwepo. Ndogo, nyeusi, imekaa mahali pake kama kupe. Mashini iliificha kwenye kioo, ikaitoa kwenye karatasi. Aliomba karatasi ya Kalima, ilikuwepo. Ya Kampene vilevile. Alitamani kuikanyaga ile mashini, kumfuata Frère Gérard huko kwao na kumng’oa meno yaliyobaki.

“Ni kosa,” alisema. “Ni kosa la mashini. Tuliondoe. Rukeni hapo, msingoje.”

Walijaribu. Kampene waliruka, Kalima nusu wakaruka nusu wakangoja, Lubutu wakangoja wote kwa sababu mikono yao ilikwishazoea. Walijaribu tena, ikawa vibaya zaidi, maana sasa hata waliokuwa na uhakika walianza kusita. Waimbaji waliingia kila mmoja kwa wakati wake. Jua lilikuwa linashuka, akina mama walikuwa na wali jikoni wa kuwalisha watu wote hao, na Mupe Octave alikuwa akitazama saa.

Adèle aliwatazama wale watu waliosafiri siku na siku kwa ajili ya karatasi yake. Akamgeukia Matata.

“Baba Matata, wao ni wengi na sisi tuko wachache. Tunyamaze pigo hilo.”

“Mimi?”

“Kesho tu.”

“Mi ninyamaze katika ngoma yangu mwenyewe? Juu ya sanduku la mzungu?” Matata alisimama. “Mama, mi nashona nguo za watu. Nikikata suruali fupi, simwambii mteja akate miguu.” Akavaa kofia yake, akatoka kanisani, na sauti ya viatu vyake ilisikika mpaka barabarani.

Mupe Octave alimfuata, akarudi peke yake. “Amekataa kabisa,” alisema. “Nani mwingine anaijua sehemu ya ngoma kubwa?”

Wapiga ngoma ndogo walitazamana. Kila mmoja alijua sehemu yake tu. Félicien alikuwa ameipiga kwao Lubutu, lakini hapa alihitajika kwenye ngoma za wenzake. Adèle alijikuta anasema, kabla hajafikiri:

“Mimi naijua.”

Palikuwa na manung’uniko. Huku kwetu mwanamke kukaa kwenye ngoma kubwa kanisani lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyelikataza kwa sababu hakuna aliyeliwaza. Mzee mmoja alikohoa. Adèle hakungoja ruhusa. Alifunga kitenge chake vizuri, akakaa, na akaanza kupiga alichokiandika.

Hakuwa mpiga ngoma. Makofi yake yalikuwa mepesi, na viganja vilimuuma kabla ya ubeti wa pili. Lakini kila pigo alilijua, maana kila moja alikuwa ameliweka kwa kidole chake, akaliona likipotea, akaliweka tena. Kwenye kimya kile cha mashini alinyamaza, na wote wakanyamaza, na kiitikio kikaingia pamoja.

Jumapili ilikuwa hivyo hivyo. Matata alikuja misani, akakaa karibu na mlango amevaa abakosti mpya, mikono imefungwa kifuani. Utukufu ulipofika kwenye kile kimya, kanisa zima lilishika pumzi pigo moja. Vikongwe wa mbele, waliozoea kusimama mapema, walisimama wakakuta hakuna ngoma, wakataka kukaa, na hapo ndipo kiitikio kilipowakuta, wako kati ya kukaa na kusimama. Adèle aliona yote hayo akiwa anapiga. Hakujua acheke au alie. Alisaga meno akaendelea.

Baada ya misa watu walimpongeza. Walisema ilikuwa nzuri, hasa pale mahali pa kunyamaza, inasisimua mwili. Adèle alishukuru kwa sauti kavu. Alikuwa amefunga viganja vyake kwa kitambaa, na kila pongezi kwa kile kimya ilikuwa kama mtu anayemsifu kwa shimo kwenye nguo yake.

Frère Gérard alirudi na meno mapya. Adèle alimweleza habari yote bila kuketi. Frère alisikiliza, akafungua mashini, akaenda kwenye kona moja ya kioo, akabonyeza mara moja. Ile alama ikatoweka, kisanduku kikabaki na mapigo yake matatu, na vingine vyote havikuguswa.

“Ndivyo tu,” alisema kwa Kifaransa chake cha mbio. “Sikukuonyesha?”

Adèle aliitazama kona ile. Akachukua pochi yake, akasema “Merci, Frère,” akaondoka, na siku hiyo Fortunat alipika mwenyewe kwa sababu mkewe alikuwa amelala anatazama ukuta.

Karatasi zilizosahihishwa zilichapwa na kutumwa. Kalima walizipokea. Kampene walisema lori halikufika. Kutoka Lubutu Félicien aliandika kwa upole mwingi kwamba wanashukuru, lakini waumini wao wamekipenda kimya kile, na wanaomba ruhusa wabaki nacho. Mupe Octave aliwapa ruhusa bila kumuuliza mtu.

Matata alirudi kwenye ngoma yake wiki mbili baadaye, bila kuomba radhi na bila kuombwa. Lakini alipokaa, alikuta watu wa Mikelenge wameshazoea. Aliruka, nao wakangoja. Jumapili nzima alipigana nao, anaruka, wanangoja, jasho linamtoka. Jumatatu alimfuata Adèle shuleni, akasimama nje ya darasa mpaka somo lilipokwisha.

“Mama Adèle, wewe njo uliharibu, wewe njo utatengeneza. Uje uwaambie.”

“Nimewaambia, Baba. Hawanisikii mimi pia.”

“Basi tunafanya nini?”

Adèle alikuwa na chaki mkononi, na mikono yote miwili ilikuwa nyeupe hadi kwenye viwiko. Alimtazama yule mtu mwenye kiburi aliyeshona nguo za wakubwa, amesimama kwenye veranda ya shule kama mwanafunzi aliyechelewa.

“Jumapili moja kuruka, moja kungoja,” alisema. “Mimi nitapiga ya kungoja.”

Matata alilipinga wazo hilo kwa nguvu zake zote, mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikapigwa na wasichana wakatoka na kuwapita pembeni. Alisema mapigo ya Adèle ni mepesi, kofi zake zinasikika kama mtu anayefukuza nzi, tena ngoma ile ngozi yake ina desturi zake. Adèle alijibu kila neno. Waliondoka uwanjani wakibishana, wakavuka barabara ya reli wakibishana, na Fortunat, aliyekuwa anatoka kazini, aliwaona kwa mbali, akageuza baiskeli yake akapita njia nyingine.